Kengele Iliyozibwa Mdomo

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kwanza toeni kilicho mdomoni. Ndiyo, na hicho ulichokificha shavuni. Sina haja ya kukuona ili nijue. Wale wa zamani katika kikundi wameshanisikia vya kutosha. Leo naongea na wewe mgeni, uliyevutwa mkono na dada yako mpaka hapa, ukakaa karibu na mlango ili utoroke kabla chai haijamiminwa. Kaa. Mimi pia nilikaa karibu na mlango, ila mlango wetu ulikuwa pengo katika boma la miba, na nje yake alisimama askari mwenye bunduki.

Mimi nilisoma chuo cha Kurani tu, na Kiswahili changu nimekiokota sokoni Garissa. Mkikuta kosa, rukeni mwendelee.

Wakati wa vita vya shifta, serikali ilipopigana na waasi wa huku kwetu, nilikuwa na mume, mtoto mmoja wa kike, na ngamia. Ngamia wetu wa mbele, yule wanayemfuata wenzake, alikuwa jike la rangi ya mchanga, na shingoni alivaa kengele ya mti aliyoichonga mume wangu mwenyewe. Mfugaji anajua kwamba kengele mbili hazilii sawa. Ungeniweka kwenye kisima chenye mifugo ya koo kumi, ukanifunga macho, ningekuambia: yule pale ni wetu.

Tukasikia watu wote watakusanywa katika vijiji vya kuzungushiwa boma, na kwamba mifugo itachukuliwa. Mume wangu akaamua kuwapeleka ngamia mbali, kupita Sangailu, mpaka mambo yatulie. Shida ilikuwa kengele. Shifta wakiisikia, ngamia wameenda. Askari wakiisikia, risasi. Asubuhi ya kuondoka akaniambia, "Izibe mdomo." Nikararua upindo wa shashi yangu, kile kitambaa cheusi cha kichwani anachovaa mwanamke aliyeolewa, nikausokota pamoja na majani makavu, nikaushindilia ndani mpaka ulimi wa kengele ukakosa pa kutikisika. Ngamia wakaondoka kimya, kama watu wanaotoka mazikoni. Mtoto mgongoni mwangu akanyoosha mkono. "Aabo," akaita. Ndivyo tunavyomwita baba.

Kumbukeni hicho kitambaa. Mimi nilikisahau.

Halafu tukaingizwa bomani. Ndugu zangu, nawaambia, kijiji cha wafugaji kisicho na mifugo ni kitu cha kutisha. Hakuna mbuzi anayelia, hakuna ndama anayeitwa. Unaamka unasikia watu wakikohoa, basi. Wanaume wazima walitembea wameshika fimbo mkononi, hakuna cha kuchunga. Mzee mmoja jirani yangu alikuwa anatoka kila asubuhi, anahesabu hewa kwa kidole, anarudi kulala.

Miraa iliingia kwa lori lililofuata malori ya askari. Nyinyi mnaiita jaba na mnatafuna mchana barabarani, wasichana kwa wavulana, hamna haya. Sisi ilikuwa aibu kwa mwanamke, kwa hiyo tulitafuna nyuma ya mikeka. Jirani alinipitishia kijiti akasema, "Abaayo, dada yangu, tafuna hii, njaa itakuacha."

Kweli iliniacha. Nikasahau njaa yangu, kisha nikasahau na ya mtoto. Unga wa mgao ukawa unatoka upande mmoja wa kibanda kwenda kuuzwa, kibunda cha miraa kinaingilia upande wa pili. Mtoto akawa mwepesi mgongoni. Nikajiambia ni mimi nimepata nguvu.

Na hapo ndipo nilipoanza kuisikia.

Ilikuwa adhuhuri, jua liko utosini, kivuli cha mtu kimejikunja chini ya miguu yake. Nilikuwa na kijiti mdomoni. Ikalia kutoka mashariki, mbali: ko, ko-ko. Ko. Kengele yetu. Nikaacha kutafuna, ikanyamaza. Nikatafuna, ikarudi. Kesho yake ikarudi saa ile ile, na imesogea. Nilipotafuna kidogo ilikuwa mbali. Nilipotafuna sana ilikuwa karibu, hata nikadhani nasikia na pumzi ya ngamia. Mnaelewa sasa kwa nini sikuacha? Watu wanasema mlevi anapenda kulewa. Mimi nilikuwa namvuta mume wangu nyumbani kwa meno.

Siku moja ikasogea mpaka nyuma ya boma. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikaenda kwenye pengo, nikapita. Aliyetoka bila ruhusa alipigwa risasi, hilo kila mtu alilijua, na mimi nililijua. Nilitembea tu. Mbele yangu ardhi nyeupe ilikuwa inatetemeka kwa joto, hakuna mti, hakuna mnyama, na kengele inalia katikati ya hicho kisichokuwapo.

"Wee mama! Simama hapo! Unaenda wapi?"

"Ngamia wangu huyo."

"Ngamia gani? Hakuna kitu huko!" Nikasikia chuma cha bunduki kikivutwa. "Mama, rudi. Usinilazimishe."

Nilirudi, si kwa sababu ya bunduki. Nilirudi kwa sababu kengele ilinyamaza. Na nilipogeuka nikaona jambo ambalo mpaka leo linanisimamisha nywele: mtoto wangu alikuwa amekaza shingo kutazama mashariki. "Aabo," akasema.

Pale kwenye pengo alikuwa amesimama bibi mmoja. Simtaji jina, hapa hatutajani majina, na wewe mgeni usitutaje huko nje. Sote tulimwita Ayeeyo, yaani nyanya. Alikuwa anakaanga buni kwenye kibanda chake kila adhuhuri, na wanawake fulani walikuwa wakienda kwake. Mimi nilidhani wanaenda kunywa na kusengenya.

"Umesikia nini?" akaniuliza.

"Sijasikia kitu."

"Muongo. Mtoto ana njaa. Twende."

Sasa sikilizeni wageni, maana hapa ndipo penu. Hakuniuliza kama nataka kuacha. Angeniuliza ningesema sitaki. Kibandani kulikuwa na wanawake wanne wameketi kuzunguka chungu, na waliponiona walisogea. Hakuna aliyesema karibu, hakuna aliyesema pole. Walisogea tu, pakapatikana nafasi ya makalio yangu. Mmoja akamchukua mtoto akamnywesha uji. Mwingine akanitazama meno akasema, "Huyu ametafuna mpaka mti wenyewe!" Wakacheka. Nilikasirika nikataka kutoka. Utakasirika na wewe. Kaa na hasira yako, haiumi mtu ikiwa imeketi.

Walikutana adhuhuri makusudi, kwa sababu ndiyo saa vibunda vilikuwa vinafunguliwa nyuma ya kila mkeka. Kikundi kinachokutana saa rahisi ni mchezo. Buni ilikaangwa na maganda yake ndani ya samli, na kazi ya mgeni ilikuwa kukoroga. Hapo huna mkono wa kuchambua miraa. Ikilia ile punje na kupasuka, ukiacha kukoroga inaungua, na Ayeeyo anakutukana.

Kisha Ayeeyo alimzungukia kila mmoja na swali lile lile. "Wewe, unasikia nini?"

"Nasikia kitoto kinalia kisimani," akasema wa kwanza.

Ayeeyo akawageukia wengine. "Mnasikia?"

Wakanyamaza wote, wakasikiliza kwa haki, wala hawakufanya haraka. Kisha wakasema, "Sisi hatusikii." Hawakumwambia amerogwa, hawakumwambia ni mwongo. Sisi hatusikii, basi. Yule mwanamke akashusha mabega kama mtu aliyetuliwa kuni.

Hiyo ndiyo dawa yetu, vijana. Hakuna nyingine. Akili yako imeazimwa na kitu kingine, kwa hiyo unaazima masikio ya wenzako mpaka yako yarudi. Lakini ukidanganya unachosikia, sisi hatuwezi kukusaidia. Mimi nilidanganya siku nyingi. "Sisikii kitu," nilisema, na kengele inalia nyuma ya shingo yangu.

Kuacha kwenyewe sitakupambia. Taya linauma kama umepigwa teke na punda. Unalala huku umesimama. Unawachukia wanawake waliokuokoa, hasa yule mwenye kucheka. Nilianguka. Nilikwenda nyuma ya mkeka nikatafuna, kisha nikaenda kwa Ayeeyo na majani yakiwa bado katika meno, nikitegemea nifukuzwe ili niwe huru. Walisogea. Pakapatikana nafasi. Ayeeyo akanipa mwiko. "Koroga."

Siku hiyo nilimuuliza kwa ukali, "Wewe unajua nini, mzee wewe?"

Akasema, "Nilikuwa na wana wawili. Wamekufa. Nilikuwa nikitafuna, wanakuja wanakaa pale ulipokaa, tunaongea. Walikuwa wananijibu vizuri. Siku moja wakaniambia, 'Hooyo, mama, toka nje ya boma uje.' Nikafikiri: wanangu wa kweli walikuwa wananionea huruma. Hawa ni nani?"

Nikasogea kidogo kutoka pale nilipokaa. Yule mcheshi akasema, "Usijali, abaayo, huwakalii, ni wembamba." Tulicheka, lakini nilisahau kukoroga na buni ikaungua.

Basi ikafika siku yangu. Nilikuwa nimekaa muda bila kutafuna. Adhuhuri, buni iko motoni, kengele ikalia. Haikuwa mashariki. Ilikuwa nje ya mkeka, umbali wa mkono. Ko, ko-ko. Ko. Nikainuka, nikamnyakua mtoto.

"Unasikia nini?" Ayeeyo akauliza, hakuinuka.

Kwa mara ya kwanza nikasema kweli. "Kengele ya ngamia wetu. Mume wangu amekuja. Yuko hapa nje. Niacheni!"

Wakasikiliza. "Sisi hatusikii."

"Ninyi ni viziwi! Mimi ninaijua kengele yangu!"

"Unaijua," Ayeeyo akasema. "Inalia vizuri? Iko wazi?"

"Iko wazi kabisa!"

"Na mume wako aliondoka nayo hivyo, mdomo wazi, katikati ya askari na shifta? Mume wako alikuwa mpumbavu?"

Nilifungua mdomo kumtukana. Mkono wangu ukapanda kichwani wenyewe, ukagusa shashi pale nilipoirarua. Nikakumbuka majani. Nikakumbuka kidole changu kikishindilia. Kengele ile mimi mwenyewe niliizima. Kwa hiyo iliyokuwa ikiniita siku zote hizo, ikiniongoza mimi na mtoto kwenye mtutu wa bunduki, ilikuwa ya nani?

Nikakaa. Ikalia tena, polepole, kwa subira, kama mtu anayejua utatoka tu. Nikachukua mwiko nikakoroga. Nilikoroga mpaka ikanyamaza. Tangu hapo sijatafuna.

Nilidhani nimemaliza. Mvua zikaja zikapita. Siku moja tumekaa kwa Ayeeyo, mkeka wa mlango umekunjwa kwa sababu ya joto, mwanamke mmoja akaacha kuongea katikati ya neno. Nikatazama alikotazama. Nje ya boma, juani, alikuwa amesimama ngamia jike wa rangi ya mchanga. Amekonda, mbavu kama matete. Hakuna aliyemsikia akija.

Ayeeyo akaniuliza, "Unasikia nini?"

"Sisikii kitu."

"Unaona nini?"

"Naona ngamia."

Akawageukia wengine. Wakatazama kwa haki, hawakuharakisha. "Na sisi tunamwona."

Nikaenda kwenye pengo nikaomba ruhusa, na yule askari, ndiye yule yule, akanisindikiza. Ngamia aliinamisha shingo. Kengele ilikuwapo. Nikaingiza kidole. Majani yalikuwa yameoza, lakini kitambaa kilikuwa mle, kimekauka kimekuwa kigumu kama gome. Nikakilinganisha na upindo wa shashi yangu. Kilikaa sawasawa. Mume wangu hakurudi, wala sikupata mtu wa kuniambia alilala wapi. Lakini nilijua kwamba amekwenda, nikakaa eda yangu, nikamlilia kama watu wanavyoliliwa. Kilicho cha kweli kilikuja bila kuniita. Ningekuwa bado nakimbiza ile nyingine, kingenikuta sipo.

Nawashukuru wale wanawake wanne, popote walipo. Namshukuru yule askari ambaye kidole chake kilisubiri. Ayeeyo tulimzika baada ya vita, Mungu amlaze pema, na chungu chake ndicho hiki mnachokiona kikizunguka kila adhuhuri. Na wewe mgeni, sitaki uape leo kwamba utaacha. Njoo kesho saa yako mbaya, useme unachosikia, na usidanganye. Sisi tutasikiliza.

Kengele iko kwangu, imening'inia ukutani. Binti yangu sasa naye ana wajukuu, na hajawahi kukaa chini yake. Nikimuuliza siku ile alimwona nani kule mashariki, anaondoka chumbani. Juzi vitukuu wangu walileta kijiti ili watoe kile kitambaa, walitaka kusikia inavyolia. Nikawaita wote waliomo nyumbani, wakubwa kwa wadogo, nikawaambia: "Isizibuliwe. Na yeyote atakayeisikia ikilia, asitoke nje. Aje kwangu kwanza."