Kibati cha Mpagazi

Wenzangu walinikuta shimoni hadi kiunoni, katikati ya shamba la mpunga la Margareta kule Lumemo, nimeshika mtambo wa kunusa vyuma nilioununua mnadani Nairobi baada ya vita vya Bama. Ulikuwa unalia kila niusogezapo. Nikawaapia watu kwamba hapo ndipo Mjerumani alipozika dhahabu yake. Nilichimba asubuhi nzima, na kadiri nilivyozama ndivyo ulivyolia. Margareta ndiye aliyeniambia nivue buti. Nikavua, mtambo ukanyamaza. Buti za jeshi, soli imejaa misumari. Basi mimi niliyefika Rangooni na kisiwa cha Bukini, kwenye benchi la kahawa la Athumani, barabara ya kwenda kivukoni, nikapewa jina jipya.

— Buti, karibu, alisema Kasmiri siku mbili baadaye, tunayemwita Gavana kwa ajili ya kofia yake ya kizungu. Leo umechimba soksi?

— Cheka tu. Leo nimekwenda peku, nikapata hiki.

Nikaweka benchini kibati cha shaba, cha duara, kina tundu la kamba na namba iliyogongwa.

— Namba ya sanduku, alisema Gavana. Mjerumani akikimbilia Mahenge alizika masanduku ya rupia, kila moja na namba yake.

— Sanduku gani linavaa kamba? aliuliza Melkiori, mpima mpunga wa dukani, ambaye kwetu ni Mizani. Hiyo ya mbwa. Mbwa wa wale mabwana walikuwa na namba, na mshahara juu.

— Mbwa wapi. Ya tembo. Walivutishwa mizinga wakazama nayo Kilombero. Unadhani viboko wa huku wana hasira ya nini? Wanalalia mizinga.

— Gavana, kahawa yako inapoa, alisema Mizani.

Mimi nilicheka nao, lakini nilikijua tangu shambani. Baba yangu alirudi na cha namna hiyo kutoka vita vile vya Mjerumani. Wapagazi walivikwa vibati hivyo shingoni, wakaitwa kwa namba. Nilimweleza Margareta, na Margareta hana siri.

Ndipo alipotokea Bibi Tekla, jirani yake. Tangu askari wamchukue mumewe Eustaki akabebe mizigo katika vita hivyo, hajamkalia matanga wala kumwombea misa ya marehemu. Jioni humpakulia wali wake, akaufunika.

— Shikamoo, bibi, tulisema wote.

— Marahaba. Kiko wapi?

Nikampa. Akakisugua kwa pindo la kanga.

— Ni cha Eustaki?

Gavana alivua kofia. Mizani akatazama ndani ya kikombe chake kitupu.

— Kina namba tu, bibi, nikasema.

— Namba yake sikuambiwa. Nauliza, ni chake?

Nimepita nchi nyingi, na kote nimeona mtu akishalia hulala usingizi. Nikataka na yeye alale.

— Ni chake, bibi. Naapa.

Akakirudisha kiganjani mwangu, akanikunja vidole kimoja kimoja.

— Juzi uliapa hivyohivyo, ikawa buti lako. Usinifanye mjane kwa mtambo huo.