Dk. Lenora, Mpasuaji Aliyepiga Hodi

Tarehe thelathini Aprili mwaka huu, Dk. Lenora Haskell anavua joho lake la kijani baada ya miaka ishirini na miwili ya kupasua mioyo katika hospitali yetu hapa Maskati. Kamati ya sherehe imenitaka mimi, Majid, daktari wa nusukaputi, niandike wasifu wake, kwa kuwa muda wote huo tumesimama meza moja: mimi kichwani mwa mgonjwa, yeye kifuani. Wameniomba niandike mambo ya kuchekesha. Yapo. Lakini yaliyotupata mwezi wa pili, siku alipolala yeye mwenyewe juu ya meza ile, nayo nitayaandika, maana kuyaruka ni kumsimulia mtu nusu.

Alizaliwa Toledo, Ohio, baba fundi wa mabomba, mama mwalimu wa kwaya. Mahali alipojifunzia upasuaji wa moyo hakuwahi kutangulia mwanamke mweusi kushika kisu, na mkubwa wa huko alimwambia mikono yake ni midogo mno kwa kazi hiyo. Hakubishana naye. Alikwenda akachagua watoto wachanga, ambao mioyo yao haizidi ndimu, akawa anaingiza vidole mahali ambapo vya yule mkubwa havikupita.

Siku yake ya kwanza kwetu, mapokezi, Waswahili kama wengi wetu hapa, walimwamkia kwa Kiswahili. Walimdhania jamaa wa watu fulani wa mtaa wa Ansab aliyekuja kumwona mgonjwa, wakampa kiti asubiri saa ya kutembelea. Akakaa. Mkurugenzi alimtafuta jengo zima, akaja kumkuta pale anakula halua na ukoo wa watu asiowajua, keshapachikwa ushangazi.

Kabla yake, watoto wetu wenye matundu kwenye moyo walipandishwa ndege pamoja na mama zao kwenda nje, na baadhi ya wale mama walirudi mikono mitupu. Yeye ndiye aliyeanza kuyaziba matundu yale hapa hapa kwetu. Tena alifundisha. Dk. Mutasim, anayerithi nafasi yake, alijifunza kushona kwa mioyo ya mbuzi. Alinunua mingi mpaka muuza nyama wa Ansab akamwuliza kwa adabu kama nyumbani kwao kuna mganga.

Hodi Dk. Lenora aliipata kwa Bi Thuwaiba, mama yake Nasriya, muuguzi wetu mkuu wa chumba cha upasuaji. Mwaka wake wa kwanza alialikwa chakula kwao, akakuta mlango wazi, akaingia moja kwa moja mpaka ukumbini. Bi Thuwaiba, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa kumung'unya maneno. "Mwanangu, kwa watu hakuingiwi hivo. Piga hodi, mara tatu. Hukujibiwa, rudi zako." Dk. Lenora akamwambia kazi yake ni kuingia ndani ya watu waliolala, je, hao? Bibi akasema, "Hao ndo wa kupigiwa hodi hasa. Alolala kwake bado ni mwenye nyumba."

Sisi tuliosikia tulicheka. Yeye hakucheka. Tangu wiki ile, kabla kisu hakijagusa ngozi, aliweka kiganja juu ya kifua cha mgonjwa, akainama, akaita, "Hodi." Akajibiwa, "Karibu." Ndipo alipopasua.

Nasema akajibiwa, na hapo ndipo penye mambo. Chumbani mwetu kila mtu amejifunga barakoa mpaka puani, midomo haionekani, na mashine zinavuma. Sauti iliyojibu ilikuwa ya chini, ya mtu aliyeamshwa, na haikuwa na upande ilikotoka. Kwa watoto wachanga ilikuwa nyembamba, nami nilijua ni Nasriya anawabembeleza. Kwa wanaume ilikuwa nzito, na Nasriya alijua ni mimi. Siku nyingine ilijibu kwa Kiarabu, "Tfaddali," nikasema moyoni, leo Nasriya ana maringo. Wesley, Mkenya wetu anayeendesha mashine ya moyo na mapafu, alijua ni sisi wawili tunapokezana, na aliona ni desturi nzuri ya watu wa pwani.

Mara mbili haikujibu. Mara ya kwanza alikuwa Awadh, mfanyakazi wa kiwanda kimoja cha Rusayl. Dk. Lenora alipiga hodi tatu, akaweka kisu chini na kusema tumwamshe. Niligomba kweli siku ile, kwa kuwa mtu nilikuwa nimeshamlaza. Jioni Awadh akapanda homa kali, na damu yake ikakutwa na maradhi ambayo yangemuua tungemfungua kifua. Alipasuliwa baada ya kupona, na hodi ikajibiwa. Mara ya pili alikuwa mzee mmoja ambaye hatukumkuta na jambo lolote mpaka leo. Yu hai, kila akija kliniki hutulaumu kwa kumlaza njaa bure.

Mwezi wa kwanza mwaka huu Dk. Lenora alianza kusimama kwenye ngazi kupumzika. Mtu aliyesikiliza vifua vya watu umri wake wote hakuhitaji kuambiwa. Vali ya moyo wake ilikuwa imekakamaa, na bila kupasuliwa hakuwa na muda. Kwao Marekani walimwita arudi. Akakataa. Alisema atapasuliwa hapa, meza yake, timu yake, na kisu atashika Mutasim. Akaweka sharti moja, na akamwapisha Mutasim mbele yetu: atapiga hodi, mara tatu, na asipojibiwa hataingia, hata aone nini.

Siku hiyo hiyo tulipokuwa tunakunywa chai, Nasriya akataka kutuchangamsha. "Majid, siku hiyo tafadhali ujibu vizuri, si kwa sauti yako ile ya usingizi."

Nikamwambia mimi sijawahi kujibu. Mwenye kujibu ni yeye.

"Mie? Wallahi, mie sijafungua kinywa hata siku moja."

Tukamgeukia Wesley. Wesley aliweka kikombe chini polepole. "Mimi nilijua ni nyinyi," akasema. "Ukweli wa Mungu, Sister, mimi hata huwa sijui kama naruhusiwa kujibu."

Hakuna aliyemaliza chai. Nilifikiria ile miaka yote, wale watoto wote, ile sauti nyembamba. Mimi ni mtu wa mashine na vipimo, nasema wazi kwamba niliogopa. Tulikubaliana jambo moja tu: siku ya Dk. Lenora hakuna atakayejibu kwa kumwonea huruma. Mutasim akiambiwa karibu, aambiwe na anayestahili kusema. Tukamweleza na Mutasim, naye akaangalia mikono yake.

Ilikuwa Jumapili asubuhi. Dk. Lenora aliingizwa akitukagua mmoja mmoja, akamwambia Wesley kofia yake imekaa vibaya. Nikamlaza. Mpira wa kupumulia niliuingiza mimi mwenyewe kooni mwake, nikaufunga, nikahakikisha. Mtu mwenye mpira ule hana mguno, seuze neno. Naliandika hili kwa sababu najua nitaulizwa.

Mutasim akaweka kiganja kifuani mwa mwalimu wake. "Hodi," akasema.

Mashine ya pumzi ikavuta na kushusha.

"Hodi, Daktari."

Nasriya machozi yalikuwa yanalowesha barakoa yake, na hakuyafuta, kwa kuwa mikono yake ilikuwa safi kwa kazi. Nilitazama vipimo vya Dk. Lenora. Havikuwa vya mtu wa kurudishwa wodini akangoje. Tukimwamsha bila kumtengeneza, wiki isingeisha, na kila mmoja pale alilijua hilo.

"Hodi," Mutasim akasema mara ya tatu, akangoja muda mrefu kuliko adabu inavyotaka. Hakikuja kitu. Akaondoa kiganja. Kiapo ni kiapo. Akaweka kisu kwenye sinia, akarudi nyuma, na nilimsikia Wesley akianza kuomba kwa kikwao.

Ndipo sauti ikaja. Haikuwa na upande, kama siku zote. Ilikuwa ya mwanamke aliyechoka, mwenye kuzungusha ile r ya Ohio ambayo Kiswahili cha miaka yote hakikuiondoa. "Karibu," ikasema. "Karibu, nakuja."

Hatukutazamana. Nilitazama midomo yake. Ilikuwa imetulia, mpira katikati, plasta mahali pake. Baada ya hapo sikuhitaji tena kujiuliza nani alikuwa akijibu miaka yote. Bi Thuwaiba alishatuambia: mwenye nyumba. Mutasim akachukua kisu kingine kilicho safi, akasema bismillahi, akaingia.

Vali mpya imekaa vizuri, moyo unapiga, na Mutasim ameshona kwa namna ambayo mwalimu wake, alipotazama kovu kwa kioo, aliiita si mbaya. Kwa wasiomjua, hiyo ni sifa kubwa sana.

Alipotolewa mpira, tulikuwa sote kando ya kitanda. Nasriya akashindwa kujizuia, akamwuliza kwa nini alituchelewesha vile kujibu, roho zilitutoka. Dk. Lenora alitushangaa kwa swali. Alisema alikuwa nyumbani, nyumba asiyoijua lakini ni yake, na ilipigwa hodi. Tena si mlangoni kwa mbele peke yake. "Zilikuwa hodi mbili," akasema. "Moja mbele, ya Mutasim. Moja uani." Ya uani ilianza kabla ya ile ya mbele, na sauti yake alikuwa anaijua tangu zamani, ya mtu aliyekwisha kufa, ila hakututajia ni nani. Akasimama katikati ya ukumbi hajui aende wapi kwanza. Mwisho akajibu mbele.

Wesley akauliza kwa sauti ndogo, na ile ya uani?

"Ilipiga mara mbili," akasema, "ya tatu bado." Kisha akaomba maji.

Dk. Lenora, kwa niaba ya wote uliowaziba matundu, waliokua wakaoa na kuolewa, na ya mama walioondoka hapa na watoto wao mikononi, tunasema ahsante. Umetufundisha kwamba hata aliyelala ana kwake, na chumba chetu kitaendelea kupigiwa hodi. Nyumba uliyopanga Qurum ina upepo mzuri wa bahari na, nimeikagua mwenyewe, ina mlango wa uani. Tunakuombea humo umri mrefu, usingizi mnono na wageni wema wanaokuja kwa mbele. Na ukiisikia ile ya tatu, dada yetu, tunakusihi jifanye hukusikia.