Marehemu Marojahan Hutapea na Hasapi Ambayo Hakuipiga

Ndugu, wakwe na majirani mliofika Laguboti leo, familia inawashukuru kwa kukesha nasi na kwa kila mkono ulioshika jeneza hili. Haya ni maisha ya mzee wetu. Yameandikwa kama alivyotaka mwenyewe, pamoja na yale ambayo familia ingependa kuyanyamazia.

Marehemu Marojahan Hutapea alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 katika kijiji cha Sitoluama, mtoto wa tatu wa mzee Kilian Hutapea na mama Tiomina, binti wa ukoo wa Pangaribuan. Alibatizwa mwaka huohuo. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alichelewa kusema, lakini ngoma zikilia kijiji cha pili aliacha kunyonya akageuza kichwa.

Alisoma shule ya msingi hapa Laguboti, kisha sekondari ya chini Balige, akamaliza mwaka 1964. Alianza shule ya ufundi lakini hakuimaliza. Siku moja mwaka 1967 alitumwa sokoni Balige kununua pilipili. Pembeni mwa soko kundi la maigizo na muziki lililoitwa Bintang Tao lilikuwa limepiga hema, na ndani mtu alikuwa akijaribu nyuzi za hasapi, gambusi letu dogo la nyuzi mbili. Marojahan alisimama nje ya turubai mpaka soko likafungwa. Pilipili hazikununuliwa. Mwezi uliofuata alifuatana na kundi hilo, na habari ya pilipili zile mama yake aliendelea kumkumbusha mpaka alipofariki.

Mpigaji yule alikuwa Jabangun Sagala wa Pangururan, ng'ambo ya ziwa. Marojahan hakupata kumpenda mpigaji mwingine yeyote kama alivyompenda huyo. Katika kundi kazi yake ilikuwa taa: kujaza mafuta karabai, kuzipampu, kuzitundika kabla ya onyesho na kuzishusha watu wakiondoka. Alizunguka nao Tarutung, Siborongborong na Sidikalang. Mwaka 1968, huko Sidikalang, aliungua mkono wa kushoto, vidole viwili vikajikunja visinyooke tena, akarudi nyumbani. Alipoulizwa alisema ni taa tu.

Alijifunza ufundi wa redio Pematangsiantar, na mwaka 1973 akafungua duka lake barabara kuu ya Laguboti, mkabala na kilabu cha tembo cha Mama Risma. Alikuwa fundi mwaminifu kwa vifaa vya watu. Tarehe 6 Julai 1974 alifunga ndoa kanisani na Lasma, binti wa ukoo wa Siagian wa Balige, mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya. Mama Lasma hakuchoka kusema kwamba kabla ya posa redio ya kwao ilikuwa ikiharibika kila mara baada ya kutengenezwa, na fundi hakuchoka kurudi. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Kila Jumamosi jioni Marehemu alivuka barabara kwenda kwa Mama Risma, walikokutana wapenda muziki. Fundi seremala Tumpal Simangunsong alikuwa mtu wa filimbi. Mwalimu Saut Panjaitan alikuwa mtu wa magitaa na waimbaji watatu watatu. Walibishana mpaka samaki akapoa.

"Filimbi inalia kama mtu," Tumpal alikuwa akisema. "Gitaa linalia kama mlango."

"Mlango uliotengeneza wewe," Mwalimu Saut alimjibu.

Jioni moja mwaka 1981, katika ubishi kama huo, Tumpal, aliyezoea kumwita Marehemu shemeji kwa urafiki, alimgeukia. "Shemeji, wewe ulizunguka na Bintang Tao. Ulikuwa ukipiga nini?"

Marehemu alifungua mdomo kusema taa. Likatoka neno jingine. "Hasapi," alisema.

Mwalimu Saut akaweka bilauri chini. "Na Jabangun mwenyewe?"

"Nilikaa kushoto kwake."

Hakuna aliyemwomba apige, maana mkono wake wote waliuona. Walimwonea huruma, na huruma ile ikageuka heshima. Kwenye harusi alikalishwa jirani na wapigaji. Nyama ilipogawiwa kwa kadiri ya kila mtu na nafasi yake, fungu la wapigaji lilikatwa kipande likapelekwa kwake, naye akala. Mara ya kwanza aliila akiangalia chini. Mara ya kumi hakukumbuka tena kwamba si haki yake. Vijana wa magitaa walimwita Mwalimu, na alipowaeleza jinsi Jabangun alivyokuwa akiubana uzi wa chini, alieleza sawasawa, kwa sababu hilo alilitazama kila jioni kwa mwaka mzima akiwa ameshika ngazi ya taa.

Mwezi wa Juni 1997 wenzake walimwandalia jambo la kumfurahisha. Tumpal alikwenda mpaka Pangururan, akamkuta Jabangun Sagala yu hai, mzee wa miaka sabini na saba mwenye macho mazima. Wakamleta Laguboti Jumapili baada ya ibada bila kumwambia Marehemu. Kilabu kilijaa. Mama Lasma alikuwapo, na wanawake wa kwaya, na wakwe kutoka Balige. Marehemu aliitwa kutoka dukani, akaingia akijifuta mikono, akamwona mtu aliyeketi mezani na hasapi mapajani.

"Mzee," Tumpal alimwambia mgeni, "huyu ndiye uliyekuwa ukikaa naye jukwaani."

Mzee Jabangun alimtazama kitambo, kisha uso wake wote ukachanua. "Wa taa!" alipaza sauti. "Huyu si kijana wangu wa taa!" Akanyanyuka, akamkumbatia, akaushika ule mkono wa kushoto akauinua watu wauone. "Mnajua huu umefanya nini? Sidikalang, upepo ulikuwa mkali, karabai ikaanguka kwenye pazia. Hema limejaa watu, na watoto wamekaa mbele. Huyu aliidaka vilevile inavyowaka akakimbia nayo mpaka shambani. Mimi nipo hapa kwa sababu ya mkono huu!"

Hakuna aliyepiga makofi. Kutoka nyuma mtu mmoja akauliza, "Na hasapi, Mzee? Alikuwa akipigaje hasapi?"

"Hasapi? Huyu?" Mzee alicheka. "Aliigusa siku moja, nikamzaba kofi!"

Alicheka peke yake. Marehemu aliwatazama watu mmoja mmoja, akamwona mkewe ameinamisha kichwa. Alisema ameacha chuma cha kulehemu kikiwaka. Akavuka barabara, akaingia dukani, akafunga mlango kwa ndani.

Mzee Jabangun alipiga hasapi alasiri ile yote, na sauti ilivuka barabara. Nyimbo zile Marehemu alikuwa amezisubiri karibu miaka thelathini. Alizisikiliza akiwa amekaa sakafuni nyuma ya redio za watu. Kisha binti yake Hotmauli akagonga.

"Baba, mzee anakuulizia."

"Mwambie nimetoka."

"Nimwambie umetoka, na viatu vyako viko hapa mlangoni?"

Jioni basi la kwenda kivukoni lilipofika, alichungulia katika ufa wa mbao. Alimwona mzee akisaidiwa kupanda, akigeuka mara mbili kutazama upande wa duka. Marehemu hakufungua mlango. Oktoba mwaka huohuo habari ilikuja kwamba Jabangun Sagala amefariki. Marehemu hakwenda mazikoni. Alisema hana uso wa kwenda nao.

Kwa mwaka mzima na zaidi alikwenda dukani kwa njia ya nyuma. Fungu la wapigaji lilipoletwa kwake kwa mazoea, alilirudisha bila kulifunua. Kanisani alihamia benchi la mwisho. Aibu ile haikumpata yeye peke yake, kwani wanawake wa kwaya walikuwa wakinyamaza Mama Lasma akiingia. Siku moja Marehemu alimwomba radhi kwa hilo.

"Baba Hotmauli," mkewe alimjibu, "mimi nilijua siku nyingi. Mtu aliyewahi kupiga hasapi, akiisikia, vidole vyake havitulii. Wewe vidole vyako vinatulia, macho ndiyo yanayotoka maji."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na furaha. Ningekwambia nini?"

Pasaka ya mwaka 1999 aliingia kwa Mama Risma kwa mlango wa mbele, akabaki amesimama. "Nilikuwa mtu wa taa," alisema. "Nyama ya wapigaji niliila bure. Nimekuja kusema hivyo tu."

Tumpal ndiye aliyemjibu. "Unajua kilichoniuma, shemeji? Miaka yote ile nilikuonea wivu. Nilikuwa nakwenda nyumbani nikimwambia mke wangu, yule alikaa kushoto kwa Jabangun, na mimi nimekaa kushoto kwa nani? Kwa msumeno!"

Watu walicheka, na Marehemu akalia. Tumpal akaonyesha dari kwa kidole. "Haya, mtu wa taa. Taa ya Mama Risma imekufa tangu jana. Panda."

Akapanda. Kuanzia siku ile walimpa tena nafasi yake mezani, lakini hakukubali kukaa karibu na wapigaji popote, wala kuitwa Mwalimu.

Mwaka 2000 alivuka ziwa kwenda Pangururan kuomba radhi kaburini. Binti wa Jabangun alimpokea vizuri, akamkaangia samaki, akamwambia kwamba baba yake aliuliza jambo moja mpaka alipozidiwa: "Nilimkosea nini yule kijana wa taa, hata asitoke kuniaga?" Hilo Marehemu hakupata kulitua. Uongo wake watu waliusamehe wakauzoea, hata wakaufanyia utani, naye akacheka nao. Lakini mlango aliomfungia mtu aliyekuja kumshika mkono hakuweza kuuzungumzia bila kuficha uso.

Marehemu alianza kuugua figo mwaka 2019. Alitibiwa Balige, kisha Medan. Wenzake hawakumwacha. Mwalimu Saut, ambaye alitutangulia mwaka jana, alimletea kaseti, na Tumpal alimpigia filimbi wodini mpaka muuguzi akaja kumkataza, akasimama mlangoni, akasikiliza mpaka mwisho, ndipo akamkataza. Januari mwaka huu aliomba arudishwe nyumbani. Hapo ndipo Hotmauli alipomuuliza waandike nini siku ikifika.

"Andika yote," alisema. "Na usiandike kwamba nilikuwa mwanamuziki. Jabangun atasikia."

"Tuandike ulikuwa nini, Baba?"

"Msikilizaji," alisema. "Na hata hilo, siku moja nilisikilizia nyuma ya mlango."

Alifariki Jumatano tarehe 9 Februari 2022 alfajiri, nyumbani kwake Laguboti, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Mama Lasma, watoto watatu, Hotmauli, Sabar na Rugun, wote wenye ndoa zao, wajukuu wanane, dada yake mmoja, Nuria, na rafiki yake Tumpal Simangunsong, ambaye familia imemwomba aketi leo pamoja na wafiwa. Kutoka Pangururan amekuja binti wa marehemu Jabangun Sagala, na hasapi ya baba yake. Ataipiga kabla jeneza halijafungwa. Tunawaomba wote mnyamaze, Marehemu asikie.

Bwana ampokee mtumishi wake Marojahan, amwondolee haya usoni, ampe pumziko la amani. Amina.