Madam Phelesia Awuor na Alhamisi za Kiingereza

Baada ya miaka ishirini na saba katika maktaba ya chuo chetu hapa Uriri, Madam Phelesia Awuor anastaafu Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025. Alituambia hataki kuandikiwa chochote. Tumemwandikia hata hivyo, maana kwa miaka yote hiyo yeye naye hakuwahi kusikiliza mtu akimwambia hapana.

Aliajiriwa mwaka 1998 kama karani wa maktaba, akapanda hadi mkutubi mkuu. Vitabu alivitunza vizuri, lakini jina lake limejulikana kwa sababu ya Alhamisi saa tisa. Saa hiyo wanafunzi wetu wa kujitolea huketi na wanafunzi wageni, wawili wawili, wakizungumza Kiingereza kwa saa nzima. Wageni wengi wametoka ng'ambo ya mpaka, Tarime na Musoma, ambako walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Wakifika hapa wanakuta masomo yote ni kwa Kiingereza, na mwalimu hangoji mtu.

Ukweli usemwe: kufanya kazi na Madam Phelesia kulichosha. Aliyechelewa dakika tano alikuta mlango umefungwa. Mwaka mmoja alimfungia nje mkuu wa chuo pamoja na wakaguzi aliokuja nao. Waliojitolea kwa ajili ya cheti tu aliwatambua siku ya kwanza, akawapa kazi ya kupanga magazeti ya zamani. Yeye naye alituona sisi wenzake wazito wa kuelewa, na alitutajia jambo hilo mara kwa mara.

Kisa kinachomweleza vizuri ni cha mwaka 2016. Scovia Boke alikuwa ametoka Tarime, akisomea umeme na kulala bwenini hapa chuoni, na likizo akikaa kwa shangazi yake Kehancha. Mikono yake ilikuwa mahiri kuliko ya wanaume wote wa darasa lake, ila Kiingereza kilimkwama. Alipangiwa Elkana, mwanafunzi wa mwaka wa pili na bingwa wetu wa midahalo. Elkana alikuja kila Alhamisi bila kukosa. Aliongea vizuri sana. Aliongea saa nzima, majuma kumi na mawili, na Scovia akaitikia kwa kichwa.

Kisha Scovia akaitwa Homa Bay, kwenye kiwanda cha samaki, kuhojiwa kwa ajili ya mafunzo ya kazini. Bila mafunzo hayo hangefanya mtihani wa mwisho. Walimuuliza kwa Kiingereza jambo la kwanza analofanya akikuta waya umeungua. Kazi hiyo aliijua, alikuwa ameifanya mara nyingi. Alinyamaza mpaka wakamwambia aende. Alirudi Uriri, akafunga sanduku lake, akaja maktaba kurudisha vitabu.

Madam Phelesia alikataa kuvipokea. Alimwita Elkana, akamuuliza huyu dada ameongea nini katika majuma yote hayo. Elkana akaanza kueleza mada alizomfundisha.

"Nimekuuliza yeye ameongea nini," akamkatiza. "Wewe tumekusikia mpaka huko nje."

Madam Phelesia akamkalisha kwenye kiti cha Scovia, akamwambia Scovia amhoji kwa Kikuria, lugha ya kwao, saa nzima, bila neno la lugha nyingine. Elkana alikuwa amekulia Magunga, ambako Kikuria hakizungumzwi, lakini alikisikia kila siku bwenini na akajisifu kwamba anakijua. Scovia alimuuliza jina la mama yake, chakula anachopenda, na alivyokuja chuoni. Tulimwona akifungua mdomo na kuufunga. Alipotoka shati lilikuwa limelowa.

"Madam, jibu nilikuwa nalo," alisema. "Lilikataa tu kutoka."

Madam Phelesia alimjibu, "Sasa unaweza kuanza kazi."

Kuanzia siku hiyo kila anayejitolea huanza kwa kuhojiwa kwa lugha asiyoimudu. Baada ya hapo kazi yake ni kuuliza na kungoja. Elkana alijifunza kungoja. Alisema ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya, nasi tuliomjua tuliamini.

Madam Phelesia aliandikia kiwanda barua mbili, hazikujibiwa. Barua ya tatu aliipeleka mwenyewe. Aliketi mapokezi tangu asubuhi, akifuma sweta, na kila mara askari wa lango alipomwambia meneja hayupo, alimjibu kwamba yeye hana haraka. Saa kumi meneja alipatikana. Juma lililofuata Scovia alihojiwa upya. Alizungumza polepole, akakosea mara kadhaa, akaendelea. Alisema anazima swichi kuu kwanza, kisha anahakikisha kila mtu amejua kwamba imezimwa. Walimchukua. Leo Scovia ndiye fundi mkuu wa umeme kiwandani hapo, na wanafunzi wetu wanaokwenda kuhojiwa huhojiwa naye.

Muhula huu uongozi ulipendekeza Alhamisi zisimamishwe, wanafunzi wazungumze na programu ya simu. Madam Phelesia alisoma waraka huo akiwa amesimama, akaurudisha bila maoni. Alhamisi iliyopita aliingia ofisini kwangu, mimi Mogire, mwalimu wa Kiswahili, akaweka mezani daftari la majina na ufunguo. Nilimweleza kwamba hilo si somo langu, kwamba nina madarasa sita, na kwamba uongozi bado haujaamua. Alingoja nimalize yote, kisha akaniambia wageni wapya ni kumi na wanne na mlango hufungwa saa tisa na dakika tano.

Alhamisi ijayo mlango nitaufungua mimi.

Madam, asante kwa kutuchosha miaka yote hiyo kwa ajili ya watu waliokuja hapa bila mtu wa kuwasikiliza. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, na majirani wavumilivu huko nyumbani.