Uhamisho Alioukataa Mama Pindo

Tarehe 30 mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha ushonaji katika gereza letu la wanawake, Mama Pindo anastaafu. Jina hilo alipewa na wanafunzi wake, maana hakuna gauni lililotoka karakana kabla hajaligeuza ndani nje na kukagua pindo. Aliyeshona ovyo alifumua na kuanza upya, huku Mama Pindo akimwimbia tenzi ili asinune.

Alipoanza, karakana ilikuwa na cherehani chache, nusu yake mapambo tu. Leo mashuka ya hospitali ya jirani yanashonwa hapa. Sare zetu sisi askari pia: kila mwaka aliipanua suruali ya mkuu wa gereza kimyakimya, na mkuu akaendelea kuamini kwamba hanenepi. Atusamehe, siri imetoka.

Lakini lipo jambo moja kubwa zaidi, na ameniruhusu kulisimulia.

Mwaka mmoja aliletwa mfungwa aliyekuwa ameendesha gari akiwa amelewa, akamgonga na kumuua mdogo wake Mama Pindo, kitinda mimba wa kwao. Mama Pindo aliomba uhamisho, akapewa siku hiyohiyo. Nani angemlaumu? Alitakiwa kuondoka Jumatatu.

Jumamosi alifunga na kuomba, akimsihi Mungu ambariki huko aendako. Amani haikuja. Mumewe, fundi bomba asiye na maneno mengi, alikuwa akimsikia kutoka sebuleni. Mwishowe akaja mlangoni.

"Mke wangu, umemwomba akubariki uendako. Umemwuliza kama uende?"

Akapiga magoti tena, safari hii bila kuomba chochote ila kuonyeshwa. Hakusikia sauti wala hakuota ndoto. Yalimjia tu maneno ya Bwana Yesu kuhusu kuwapenda adui, aliyokuwa akiwafundisha watoto kila Jumapili, na hayakumwachia. "Nililia kwa hasira," aliniambia, "kwa sababu nilikuwa nimeelewa."

Jumatatu aliukataa uhamisho, akaingia karakana, akamkalisha yule mwanamke kwenye cherehani iliyopakana na yake. Uzi uliwagomea wote wawili kuingia kwenye sindano. Kwa muda mrefu waliongea habari za vitambaa tu. Kila asubuhi Mama Pindo alisimama nje kwanza, amefumba macho, akiomba nguvu za siku hiyo. Anakiri kwamba mara nyingine hakuzipata mpaka alipokwisha kuingia.

Kisha, siku moja ya kutembelea wafungwa, mama mzazi wa Mama Pindo alifika langoni, nikiwa zamu. Akaomba kumwona yule mwanamke. Binti yake hakuwa amemwita, wala hakujua kwamba anakuja. Bibi alinieleza kwamba naye alikuwa akiomba kivyake, na amechoka kumkatalia Mungu.

Yule mwanamke alipomwona, alianguka miguuni pake. Bibi akainama kwa shida, akamshika mabega.

"Inuka, mwanangu. Sakafu ni baridi."

Mama Pindo alikuwa amesimama ukutani, kiganja mdomoni. Sisi askari tulivua kofia bila kuambiana. Nimelinda lango lile miaka mingi na sijaona tena kitu kama hicho. Ninachoweza kusema ni kwamba Mungu alipita mbele yetu mchana kweupe.

Yule mwanamke alimaliza kifungo chake, akafungua duka la ushonaji. Bibi alipougua, yeye na Mama Pindo walipokezana kumwuguza hadi mwisho, na siku ya mazishi waliketi benchi moja.

Tulipomwuliza Mama Pindo atafanya nini sasa, alicheka, akasema bado anauliza. Asante, mama yetu. Lolote utakalojibiwa, likukute mzima wa afya, na yule fundi bomba wako akiwa karibu.