Msomi wa Vidudu

Pale Kizwite, Sumbawanga, mkabala na mashine ya kusaga, kuna ubao mrefu uliolazwa juu ya mawe mawili ya mashine yaliyochakaa. Hicho ndicho Kijiwe cha Rufaa. Kiliitwa hivyo kwa sababu kesi yoyote ambayo mtu ameshindwa nyumbani kwake huletwa pale ikasikilizwe upya, na tangu kianzishwe hakuna mwanamume aliyeshindwa. Mwezi wa sita, baridi ya Ufipa inapouma mpaka kwenye mifupa, wenye kijiwe hubanana juu ya ubao ule kama punje kwenye gunzi, makoti yamepandishwa hadi masikioni, na Beda muuza kahawa huchutama mbele yao na jiko lake la mkaa. Kahawa yake ni nyeusi na chungu, na bei yake haijapanda kwa miaka mitatu. Wateja wanasema ni kwa sababu hata majani hajabadilisha, na ukiwaambia kahawa haina majani, wanakujibu kwamba hiyo ya Beda huwezi kujua.

Asubuhi ile wa kwanza kufika alikuwa Limbu, Msukuma wa makamo aliyehamia Rukwa na ng'ombe wake miaka ishirini iliyopita, ndiyo maana kijiwe kikambatiza Mzee Zizi. Kwa kawaida alifika wa mwisho, kwa madaha ya mtu mwenye mali. Siku hiyo aliwahi kwa sababu nyumbani kulikuwa na mtu ambaye Limbu hakutaka kutazamana naye. Huyo alikuwa binti yake wa mwisho, Kabula.

Kabula alikuwa na shahada ya biashara na kazi ya ofisini Mbeya. Mwaka jana aliacha kazi, akarudi chuo kusomea stashahada ya uzamili, apate cheti cha kufundisha watoto wadogo, wale ambao hawajafika darasa la kwanza. Limbu alipomuuliza kwenye simu hiyo elimu ya awali ni mdudu gani, Kabula alicheka. "Zamani mlikuwa mnaita darasa la vidudu, baba."

Kijiweni walipomuuliza msomi wake anasomea nini safari hii, Limbu alitaka kusema yote, lakini ulimi ukafupisha. "Mambo ya vidudu," akasema. Beda, ambaye mahindi yake yalikuwa yanageuka unga kabla hayajafika mashineni, akapiga goti lake. "Dumuzi. Hapo mkoa umepata mtu." Limbu akanywa kahawa yake, akanyamaza. Kunyamaza huko ndiko kulikuwa uongo wake wote, nao ulikuwa na miezi minne sasa.

Kabula alikuwa nyumbani tangu Jumapili kwa ajili ya utafiti wa chuo. Jana jioni Limbu alimwambia akaombe arudishiwe kazi yake ya Mbeya. Kabula akajibu kwa heshima kwamba amebakiza miezi miwili. Limbu akaacha ugali nusu, akaenda kuangalia ng'ombe ambao hawakuwa na shida yoyote.

Mtu wa pili kufika alikuwa Urbano, fundi baiskeli, ambaye kijiwe kilimwita Katekista. Alikuwa na methali kwa kila jambo, ila haikutokea hata siku moja methali ikakutana na jambo lake. Leo alikuja na kopo.

— Hilo kopo la nini? Limbu akauliza.

— Mahindi yangu. Yana dumuzi. Nimesikia mtaalamu yupo.

Limbu akalitazama kopo. Ndani, punje zilikuwa zinatembea.

Kabla hajajibu, pikipiki ikazimwa kando ya ubao. Alikuwa Meshack wa bodaboda, aliyeitwa Mwendokasi kwa sababu ya kuchelewa kwake.

— Shikamooni wazee. Nina habari. Juzi nilimbeba dada Kabula kutoka Kasense. Ana kiroba huyo. Nikakipapasa kidogo wakati nafunga. Kimejaa visoda.

— Visoda vya nini? Beda akauliza.

— Visoda vitupu. Na magunzi. Na vitambaa.

Beda akaweka birika chini ili afikiri vizuri.

— Mitego hiyo. Kisoda unakilaza chali, unaweka dawa. Dumuzi akiingia hatoki, kuta zinateleza.

— Na magunzi? Urbano akauliza.

— Gunzi ni kumchezea akili. Anaona mahindi, anakimbilia, anakuta hakuna punje. Anakufa kwa majonzi.

— Ndiyo maana wahenga walisema, aisifuye mvua imemnyea, alisema Urbano, na hakuna aliyeuliza mvua imeingiaje.

— Sasa subirini, alisema Meshack. Njia nzima dada alikuwa anaimba. Simama, kaa, simama, kaa. Na mikono anaipeleka hivi. Nikajua pikipiki inamtisha, kumbe anafanya mazoezi.

Beda ndiye aliyeliona jambo kwanza.

— Sauti, akasema taratibu. Hiyo ni sayansi kubwa. Kila mdudu ana sauti anayoitii. Ukiimba simama mlangoni kwa ghala, dumuzi wote wanasimama. Wakishasimama unawafagia.

— Kwa hiyo serikali itafunga spika, alisema Meshack. Maghala yote, kuanzia hapa mpaka Laela. Na spika lazima zizungushwe. Mwenye chombo cha usafiri mnamjua.

— Nyie mnaona karibu, alisema Urbano. Mtu hawezi kusoma chuo mara mbili akaue wadudu. Kuua hata mimi naua. Huyu anawafundisha. Dumuzi akipatikana angali mdogo, akafundishwa vizuri, akikua haliibi hindi la mtu. Samaki mkunje angali mbichi.

Limbu akapaliwa na kahawa. Ikabidi Meshack ampige mgongoni.

— Au siyo, Mzee Zizi? Urbano akauliza. Wewe ndiye mwenye mtoto.

— Mambo ya kitaalamu hayo, alisema Limbu. Baridi ilikuwa ya kung'ata vidole, lakini jasho lilimtoka chini ya kofia. Alikuwa anatafuta namna ya kusema kweli bila kuonekana kwamba hakuisema mapema, na ndipo alipomwona Kabula anavuka barabara, sweta limefungwa mpaka shingoni, daftari kifuani.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, mwanangu, Urbano akaitikia, na hapo hapo akamnyooshea kopo. Tumekungoja. Hebu waimbie.

— Niwaimbie akina nani?

— Hawa. Anza na hawa wachache, tuone kama wanasimama.

Kabula akachungulia ndani ya kopo. Akamtazama Urbano, akamtazama baba yake. Baba yake alikuwa anatazama bomba la moshi la mashine ya kusaga kama mtu anayetaka kulinunua. Kabula akaelewa. Hakucheka, ingawa pembe za mdomo zilimcheza.

— Mzee Urbano, mahindi haya yaanike juani, halafu umuone bwana shamba. Mimi siyajui. Nasomea kufundisha watoto, wa miaka mitatu, minne, mitano.

Vichwa vyote vikageuka upande wa Limbu.

— Mzee Zizi, alisema Meshack, kwani vidudu ni vidudu, au vidudu ni vidudu?

— Ni watoto, Limbu akajibu kwa sauti ndogo.

Kijiwe kile hakijawahi kukubali kwamba kilikosea. Kilipoona dumuzi wamekikimbia, kikamgeukia mwalimu.

— Yaani chuo chote hicho, alisema Beda, ukafundishe a, e, i, o, u? Mimi nilizijua nikichunga mbuzi.

— Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, alisema Urbano. Na ulimwengu upo, tena bure. Mwalimu wa nini?

— Dada, samahani lakini, alisema Meshack. Umeacha ofisi yenye kiti cha kuzunguka, ukafute watu makamasi? Mimi ningekuwa baba yako ningekuita tukae.

Limbu aliyasikia maneno hayo yakimwingia moja moja. Yalikuwa yake. Jana jioni aliyasema mwenyewe, karibu kwa mpangilio ule ule, na kinywani mwake yalionekana kuwa maneno ya busara. Sasa yakitoka kwa watu waliotaka dumuzi waimbiwe, yalimwuma kama viatu vya kuazima. Alitaka kumtetea mwanawe. Akatafuta neno la kusema juu ya kazi yake, akagundua kwamba tangu Jumapili hakuwa amemuuliza hata kidogo.

Kabula hakubishana. Aliwaacha wakamaliza, akafungua daftari.

— Nilikuja kuomba msaada, wazee wangu. Utafiti wangu unawahitaji wazazi wa kike na wa kiume. Tangu Kasense mpaka hapa nimeongea na akina mama kumi na wanane. Baba sijapata hata mmoja. Kila nyumba naambiwa yuko kijiweni. Jumatatu narudi chuo, na msimamizi wangu amesema bila akina baba haipokei kazi yangu.

— Uliza, alisema Beda, akinyoosha shingo. Hapa ndipo penyewe.

— Swali la kwanza ni dogo. Mtoto wako wa mwisho, swali la mwisho alilokuuliza lilikuwa lipi?

Meshack akawahi.

— Rahisi. Christopha wangu, jana tu, ameniambia nije na maandazi.

— Hilo ni ombi, kaka.

— Basi juzi. Juzi aliniuliza... Akakuna kidevu. Ngoja.

Akatoa simu, akampigia mke wake, sauti ikasikika kijiwe kizima.

— Mama Christopha, nipe mtoto niongee naye.

— Umegonga mtu?

— Sijagonga mtu. Nataka kuongea na mtoto.

— Meshack, niambie ukweli. Uko polisi?

Akakata simu, akairudisha mfukoni.

— Wangu hawaulizi maswali, alisema Beda. Nimewalea vizuri.

Alipokwisha kulisema akalisikia, akaanza kupanga vikombe vilivyokuwa vimepangwa.

— Mimi ndiye huwa ninamuuliza yeye, alisema Urbano. Namuuliza alikuwa wapi. Akatafuta methali ya kuweka juu yake, asiipate.

Kalamu ya Kabula ilikuwa bado hewani. Karatasi ilikuwa nyeupe. Limbu akaitazama karatasi ile, akavua kofia.

— Niandike mimi.

— Baba, mtoto wako wa mwisho ni mimi.

— Najua. Tulikuwa zizini, asubuhi, umevaa gauni la njano la dada yako, linaburuta. Ukaniuliza kitu. Jibu nalikumbuka. Nilikuambia, nenda kamuulize mama yako. Swali lenyewe silikumbuki.

Kabula akaandika polepole, neno kwa neno.

— Hapo weka jina langu, alisema Limbu. Lote.

— Majina hayaandikwi, baba. Kwenye karatasi wewe ni Baba wa Kwanza.

Limbu akalipima jina hilo, akaona halina ubaya.

— Ulienda kumuuliza mama yako?

— Nilienda. Akasema nirudi nikuulize wewe.

— Basi niulize sasa.

Kabula akafunga kalamu.

— Nilikuuliza, ng'ombe akilala, anaota nini?

Beda alichochea mkaa. Urbano alipitia kichwani methali zote zenye ng'ombe, akakuta zinasema habari za maziwa, ngozi na umaskini wa mtu. Meshack alitazama tairi la mbele. Wote wakamgeukia Limbu, maana kama kuna mtu Sumbawanga nzima aliyepaswa kulijua jambo hilo alikuwa yeye, mtu anayemjua ng'ombe mgonjwa kwa pumzi yake gizani, aliyelala pembeni ya ng'ombe tangu hajajua kufunga kamba. Aliwahi kuona masikio yao yakicheza usingizini, na miguu ikitikisika kana kwamba wanatembea kwenda mahali. Akafikiri sana. Kahawa ikapoa mkononi.

— Miguu huwa inacheza, alisema hatimaye. Hilo nimeliona. Lakini anaota nini, sijui.

Neno hilo lilikuwa halijawahi kutamkwa kwenye Kijiwe cha Rufaa, na wenzake walimtazama kama wanaongoja alifute. Hakulifuta. Alimsukuma Urbano kwa kiwiko, Urbano akamsukuma Meshack, na kwenye ubao ikapatikana nafasi ya mtu mmoja.

— Kaa, mama, alisema Limbu. Uliza linalofuata.