Makapi ya Wimbo wa Taa

Mbele ya duka la Fundi, yule wa redio, kuna ubao mrefu uliolazwa juu ya maboksi mawili ya spika zilizokufa. Hapo ndipo wazee wanne humalizia alasiri zao, wakinywa kahawa na kubishana juu ya mambo ambayo hakuna aliyewauliza. Fundi mwenyewe hukaa karibu na mlango, ili mteja wa kudai redio yake akitokea, yeye awahi kuingia ndani. Pembeni yake hukaa Breki, aliyeendesha malori mpaka mgongo ukamgomea. Kisha Wakili, ambaye hajawahi kuwa wakili hata kwa siku moja; alikuwa tarishi wa mahakama, akabeba mafaili ya watu mpaka akaamini zile kesi zilikuwa zake. Na mwisho wa ubao, mahali palipokuwa patupu tangu msiba, siku hiyo alirudi kuketi Kanda.

Jina la kuzaliwa la Kanda limebaki kwenye kitambulisho tu. Tangu ujana wake anakusanya kanda za bendi moja ya roki ya zamani, na wala si zile nyimbo zilizouzwa madukani. Hizo anasema ni za wapita njia. Yeye anataka makapi: yale waliyorekodi studio wakayatupa, mwimbaji alipokosea maneno akacheka, mpiga ngoma alipokohoa, gitaa lilipoingia kabla ya zamu yake, na zile miksi, michanganyo ya sauti ambayo wakubwa waliisikia mara moja wakaikataa. Kuta tatu za sebule yake ni rafu za kanda. Mkewe aliishi na ule ukuta wa nne.

Huyo mke ndiye waliyemzika. Wenzake Kanda walibeba jeneza, wakakaa naye, wakasema yale yanayosemwa, kisha maneno yakawaishia. Siku hiyo walipomwona anakuja walianza kusafisha koo, kila mmoja akiomba mwenzake ndiye aanze. Kwa hiyo alipotoa kanda mfukoni mwa koti na kuiweka juu ya ubao, wote walishusha pumzi.

– Imefika, alisema Kanda.

– Ipi hiyo?

– Wimbo wa Taa. Ile miksi yenyewe.

Alikuwa ametumiwa na mkusanyaji mwenzake wa ng'ambo, mtu ambaye hawajawahi kuonana uso kwa uso lakini wanaandikiana tangu wote wana nywele. Kanda aliwaeleza, kana kwamba hawajaambiwa mara nyingi, kwamba matoleo mengine yote ya wimbo huo yamekatwa mwishoni. Hili tu ndilo halikukatwa. Gitaa likishakufa, kuna mwanamke anacheka, kisha anasema maneno. Ni nani, hakuna mkusanyaji duniani anayejua.

Fundi aliingia ndani akatoka na mashine, akaiweka juu ya kigoda. Kwanza akazungusha birika, maana kijiweni hapo kanda haichezwi vikombe vikiwa vitupu. Wakasikiliza wameinamisha vichwa. Wimbo ukaenda ukaisha, gitaa likafa taratibu. Mwanamke akacheka, kicheko kifupi cha puani, akasema kitu kwa mbali, na mlango ukafungwa.

– Rudisha, alisema Wakili.

Fundi alirudisha mara tatu. Mara ya nne kila mtu alikuwa na jibu lake.

– Hayo ni mabaki, alisema Fundi. Mtu kachukua kanda iliyokwisha tumika, karekodi juu yake bila kufuta sawasawa. Sasa ya chini inachungulia. Sauti haifi kirahisi, kaka. Niliwahi kutengeneza mashine ya mtu hapa, chini ya muziki nikasikia mtoto anajifunza kuhesabu.

– Mwangwi wake ni uleule wa ngoma, alijibu Kanda. Huyu alikuwa mlemle ndani.

– Si ndiyo nataka kusema, akadakia Breki. Nyie mnasahau mizigo. Bendi ina magitaa, ina ngoma, ina spika kubwa kuliko mlango. Nani alibeba? Lori. Na lori lina dereva. Dereva kachoka kusubiri nje na injini inapoa, kaingia kuwauliza wanamaliza lini.

– Dereva mwanamke, zama zile? akauliza Fundi.

– Kwani usukani unauliza?

Wakili alikuwa amefumba macho, dalili kwamba anajiandaa kuharibu. Alisema yeye amesikiliza kama inavyosikilizwa mahakamani, na kwamba kicheko kile si cha dereva wala cha mabaki. Ni cha mwenye mali. Yule mwanamke ndiye aliyetunga Wimbo wa Taa na ndiye aliyeuimba. Yule mwimbaji mwenye nywele ndefu kwenye picha alikuwa anafungua mdomo tu.

– Lakini sauti inayoimba ni ya mwanamume, alisema Breki.

– Mashine ikipunguzwa mwendo, sauti si inashuka? Muulize Fundi hapo.

Fundi alikubali kwamba inashuka. Wakili akafungua mikono kuonyesha kwamba kesi imekwisha.

Breki naye hakutaka kuachwa nyuma. Akasema kama ni hivyo, basi hata mpiga ngoma hakuwa mpiga ngoma. Yeye ngoma zile amezisikia barabarani miaka mingi, na ule mdundo wa katikati ni injini ya dizeli yenye pistoni mbovu. Walimrekodi mwanamke akikanyaga mafuta, wakaita ngoma. Ndiyo maana anacheka, amewaona walivyo wajinga.

– Na wakamuua, alisema Wakili.

– Nani kasema wameua mtu?

– Basi yuko wapi? Mtu mwenye wimbo kama huo angenyamaza mpaka leo?

Kanda aliwasikiliza wote na kuwakatalia wote, taratibu, kama mtu anayechambua mchele. Hapana, kwa sababu toleo la kwanza lina ngoma peke yake na miguu inasikika. Hapana, kwa sababu toleo la tatu mwimbaji anakosea neno la pili, anasonya, anamwomba mpiga gitaa radhi, na sonyo lile ni la mwanamume mwenye pengo. Alijua nani aliguna wapi. Alijua kiti gani kililia. Alijua kwamba katika lile toleo la taratibu kuna mtu anakunywa kitu na kuweka glasi chini kabla ya kibwagizo. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi alikuwa na raha, na wenzake waliiona wakazidi kupandisha uongo ili wasiizime.

Wakati Wakili anaanza kueleza kaburi la siri la yule mwanamke, binti wa Kanda alitokea kwenye kona. Ni mwanawe wa kwanza, aliyeolewa mbali, na tangu msiba alikuwa amebaki pale nyumbani kupanga vitu vya mama yake. Kesho yake asubuhi alikuwa anaondoka.

– Shikamooni baba zangu.

– Marahaba mama, kaa hapa, alisema Breki, akimsogezea nafasi.

Hakukaa. Alikuwa amesikia kicheko toka upande wa pili wa barabara, akauliza ni cha nani. Hapo wazee watatu wakamwaga yote kwa pamoja, mabaki ya sauti isiyokufa kirahisi, lori, kaburi, hadi binti akaanza kutabasamu. Aliomba asikilize naye. Fundi alirudisha kanda, na binti akainama kwenye spika mpaka mlango ulipofungwa.

– Kwa hiyo hamumjui, alisema.

– Bado, alijibu Wakili.

– Lakini mmemtunza.

– Baba yako ndiye kamtunza, alisema Fundi. Huyu hatupi kitu. Mtu akipiga chafya studio, yeye anayo.

Fundi aliyasema kwa nia njema kabisa. Binti aligeuka kumtazama baba yake, na uso wake ulikuwa umechangamka kuliko ulivyokuwa siku zote zile alizokuwa anakunja nguo za marehemu na kuzigawa.

– Nimefurahi, baba. Maana hilo ndilo lililonileta. Mwanangu kila nikimpigia simu ananiuliza bibi alikuwa anaongeaje. Nimejaribu kumwiga, nimeshindwa. Sasa nikawaza, nyumba nzima ile imejaa kanda, mama hawezi kukosa. Yuko kanda gani?

Kanda aliinua kikombe, akakuta hakina kitu, akakishikilia vilevile.

– Si lazima iwe ndefu, alisema binti. Hata akikuita tu. Hata akikohoa.

Breki alianza kukagua kisigino cha kiatu chake. Fundi alichukua bisibisi iliyokuwa kando ya birika, akaitazama kama kitu cha mtu mwingine. Yeye alijua. Enzi zile Kanda hakuwa na waya wa kuunganisha mashine mbili. Alikuwa akiazima kanda kwa wenzake, anaicheza kwenye spika, na kuweka kinasa sauti mbele yake sebuleni. Ilibidi nyumba nzima inyamaze. Watoto walijifunza kutembea kwa vidole kabla ya kujifunza kutembea vizuri. Lakini mtu mzima ana nyumba ya kuendesha, na mama yule alikuwa akisahau. Angeita kutoka jikoni, angecheka na jirani dirishani, na Kanda angesimamisha, angerudisha mpaka mwanzo, angefuta na kuanza upya.

– Baba?

– Hayupo, alisema Kanda.

– Kivipi hayupo?

– Nilikuwa nafuta. Akiongea, nafuta. Zilikuwa zinaharibika.

Maneno yalitoka makavu, na alipoyasikia kwa masikio yake mwenyewe aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona hata siku ya kuzika. Kuta tatu. Wageni wangapi walikuwa wamekohoa kwenye zile kuta, na yeye akawaandikia vibandiko, akawapanga, akawafuta vumbi. Mtu mmoja tu ndiye aliyemhesabu kuwa kelele.

Binti aligeuka kwa Fundi.

– Baba mdogo, si umesema sauti haifi kirahisi? Kwamba ya chini inachungulia?

Fundi alisafisha koo mara mbili.

– Ni pale mtu asipofuta vizuri, mwanangu. Baba yako nilimtengenezea kichwa cha kufutia kanda, kile cha ndani ya kinasa sauti, mimi mwenyewe. Alitaka kisafishe kabisa. Nikakipima hapahapa dukani. Hakikubakisha kitu.

Wakili, ambaye hajawahi kukosa hoja, alitazama barabarani. Binti alisimama pale amekumbatia mkoba wake, halafu akauliza kwa upole, bila hasira, na laiti angeuliza kwa hasira ingekuwa afadhali.

– Sawa. Basi niambie tu. Alikuwa anasema nini?

Kanda alifungua mdomo. Alikumbuka wimbo: ulikuwa Wimbo wa Taa, lile toleo la taratibu. Alikumbuka mahali, baada tu ya ile glasi kuwekwa chini, gitaa la pili halijaingia. Alikumbuka alivyobonyeza kitufe kwa nguvu mpaka kidole kikauma, na alivyogeuka kuelekea jikoni akasema kitu ambacho mke wake alikijibu kwa kufunga mlango. Alimwona amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Alimwona midomo inafunguka. Akasubiri, kama alivyozoea kusubiri kanda inayosuasua, akiamini kwamba ukiipa muda itashika.

– Ilikuwa kabla ya kibwagizo, alisema mwishowe.

– Sikuulizi wapi, baba. Nakuuliza alisema nini.

Alimtazama Fundi, akamtazama Breki, akamtazama Wakili. Watu hawa watatu walikuwa wamekula kwenye nyumba ile, wameitwa shemeji na mama yule, wamefukuzwa naye sebuleni usingizi ulipowapitia kwenye viti. Kila mmoja aliangalia chini. Walikuwa na majibu mangapi nusu saa iliyopita, na yote yalikuwa ya mwanamke mwingine.

Binti alingoja. Alipoona amengoja vya kutosha alisema anakwenda kufunga mizigo, akawaaga mmoja mmoja kwa heshima zote, na kwa baba yake akasema tu kwamba chakula kiko juu ya meza, amekifunika. Kisha akavuka barabara.

Walikaa. Birika lilikuwa bado na kahawa lakini hakuna aliyejimiminia. Fundi, kwa kuipa mikono yake kazi, alirudisha kanda akaiacha izunguke, nayo ikafika tena pale mwishoni. Gitaa likafa. Yule mwanamke akacheka, akasema maneno yake, akafunga mlango.

– Mimi bado nadhani ni dereva, alisema Breki, kwa sauti ndogo, kwa ajili ya kumsaidia mwenzake.

Hakuna aliyembishia.